Vipande Kumi na Vinne Angani

Barua yake ya ajira ni ya Jumatatu, tarehe 3 Agosti 1998, na inamtaja kuwa karani wa hesabu za mifugo, daraja la tatu. Nakala moja iko kwenye faili la ofisi ya takwimu. Nyingine iko nyumbani kwake, ndani ya bahasha ya plastiki pamoja na kadi za chanjo za watoto. Kwa miaka minne alizunguka kwenye majosho akihesabu ng'ombe, na huko alijifunza kanuni ambayo hajaiacha mpaka leo: unahesabu mnyama aliyesimama mbele yako. Humhesabu yule ambaye mfugaji anaapa kuwa yuko malishoni, wala ngozi iliyotundikwa ukutani.

Sasa ana miaka hamsini na mbili, na anachohesabu ni nguvu za taifa lake angani.

Kazi hiyo hakuiomba. Kila mwaka taasisi moja ya utafiti ya ng'ambo hutoa jedwali linalopanga mataifa kwa nguvu zao angani kama timu za ligi, na ili kulipata hutuma kila serikali fomu yenye maswali sitini na mawili. Fomu ilipofika mara ya kwanza, miaka sita iliyopita, ilizungushwa wizara tatu, kila moja ikiisukumia nyingine, hadi ikatua kwenye meza yake. Alipouliza kwa nini yeye, katibu muhtasari wa mkurugenzi alimjibu, "Kwa sababu wewe ndiye unayerudisha makaratasi yakiwa yamejazwa."

Ofisini anaitwa Bi Desimali. Madereva ndio waliompa jina hilo baada ya yeye kurudisha ripoti ya ajali za barabarani mara tatu kwa sababu ya nukta moja. Yeye huliitikia bila kinyongo.

Jedwali lenyewe humchosha. Bendera iliyosimikwa mwezini ina alama kumi na tano. Sheria ya anga ina alama tatu, hata kama haijawahi kutumika. Wizara yenye neno "anga" kwenye kibao chake ina alama mbili, na ndiyo sababu wizara mbili ziligombea neno hilo kwa mwaka mzima. Setilaiti inayofanya kazi ina alama nyingi kuliko hayo yote, lakini setilaiti ni setilaiti tu: inayotangaza sabuni na inayotabiri mafuriko zina uzito mmoja. Katika maswali yote sitini na mawili, anasema, hakuna hata moja linalouliza setilaiti hiyo imemsaidia nani.

Taifa lake halina mengi ya kuhesabiwa. Lilikuwa na setilaiti moja, ukubwa wa friji ndogo ya hotelini, iliyopandishwa kwa roketi ya nchi nyingine. Ilipiga picha za mashamba na mito kwa miezi ishirini na sita, halafu betri yake ikapasuka na chombo kizima kikavunjika. Vipande vikaendelea kuizunguka dunia. Lipo daftari la kimataifa la vitu vya angani ambalo hukipa namba kila kipande kinachoonekana kwa rada, na kando ya namba huandika taifa la mwenye mali. Vilivyoandikwa kwa jina la taifa hili vilikuwa kumi na vinne.

Tangu ajali hiyo, Bi Desimali alijibu swali la kumi na saba, "Setilaiti zinazofanya kazi ni ngapi?", kwa kuandika sifuri. Taifa likawa la sabini na moja, likawa la sabini na tatu, likawa la sabini na mbili. Hakuna aliyeuliza kitu.

Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa goti akakaa nyumbani miezi miwili. Fomu ikajazwa na msaidizi wake, bwana mchangamfu wa makamo ambaye ofisi nzima humwita Fasta. Fasta alifungua daftari la kimataifa, akatafuta jina la nchi, akaona mistari kumi na minne, akaandika kumi na nne. Hakusoma safu ya tatu, ambayo ilisema "kipande" kwenye kila mstari. Palipoulizwa wafanyakazi wa sekta ya anga, aliwaweka mafundi wote wa madishi ya televisheni wenye leseni, 3,212. Alimaliza maswali yote kabla ya chai ya saa nne.

Jedwali lilipotoka Juni, taifa lilikuwa la arobaini na nane. Lilikuwa limempita jirani yake, ambaye ana setilaiti mbili za kweli na kituo cha kuzisikiliza chenye uzio na walinzi. Waziri alihutubia. Kwenye ukuta wa jengo likatundikwa bango lililofunika madirisha manne, na waliokaa nyuma ya madirisha hayo wakawa wanawasha taa mchana. Bi Desimali aliporudi kazini alipita chini yake kwa magongo, akapanda ngazi kwa sababu lifti ilikuwa mbovu, akafungua faili.

"Fasta," alisema, "setilaiti kumi na nne umezitoa wapi?"

"Kwenye daftari, mama. La kimataifa kabisa."

"Safu ya tatu uliisoma?"

"Kuna safu ya tatu?"

Aliandika dokezo kwa mkurugenzi. Likarudi limeandikwa "Imeonekana." Aliandika la pili na la tatu. Hayo hayakurudi.

Nyumbani nako hakukumpa nafuu. Jumapili mchana shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuja na gazeti.

"Shemeji, siku hizi hatushikiki! Kazini kwangu yuko mmoja wa kwa jirani. Nimemwambia, ninyi endeleeni kuuangalia mwezi, sisi kule tumeshahamia."

"Zile ni vipande, shemeji. Vipande vya kitu kimoja kilichovunjika."

"Vipande vya nani?"

"Vyetu."

"Basi! Vyetu ni vyetu."

Mumewe ni fundi wa friji, na alikuwa sakafuni na kompresa mapajani. Hakuinua kichwa. "Yaani friji ya mteja ikinianguka ikatoka vipande kumi na vinne, akija kuichukua nimpe hongera? Nimwambie alileta moja, anaondoka na kumi na nne?"

"Kaka, usilete mambo ya gesi kwenye mambo ya taifa."

Mambo yangeweza kuendelea hivyo, ya kuudhi lakini yasiyomuumiza mtu, mpaka Machi mwaka huu. Jumatatu moja asubuhi fomu mpya ilifika, na safari hii ilikuwa na barua. Taasisi ilikuwa inahakiki majibu ya mwaka jana. Iliomba, kwa kila setilaiti kati ya zile kumi na nne, jina lake, kazi yake na tarehe ya mwisho ilipowasiliana na kituo cha ardhini. Fomu irudi Ijumaa, kabla ya saa kumi na moja jioni. Isiporudi, takwimu za mwaka jana zingebaki kama zilivyo.

Saa tano akaingia mhadhiri wa chuo cha ufundi. Hakupiga simu kwanza wala hakukaa. Ni mama wa makamo aliyefundisha somo la mawasiliano ya anga kwa miaka kumi na tisa, na kwa miaka minne iliyopita yeye na wanafunzi wake wamekuwa wakitengeneza setilaiti yenye ukubwa wa boksi la viatu. Kazi ya setilaiti hiyo ni kupokea vipimo vya kina cha maji kutoka kwenye vifaa vilivyofungwa kando ya mito, na kuvirusha mjini, ili watu wa bondeni wapate habari ya mafuriko siku moja kabla. Shirika moja la ng'ambo hutoa nafasi ya bure kwenye roketi kwa mataifa yasiyo na setilaiti hata moja inayofanya kazi. Chuo kilikuwa kimeomba. Mhadhiri aliweka jibu mezani.

"Tumekataliwa, dada. Wanasema tunazo kumi na nne."

Bi Desimali alisoma. Shirika lilikuwa limetumia jedwali.

"Naomba unionyeshe hizo kumi na nne," mhadhiri alisema. "Maana kama zipo, mimi nimekuwa nafundisha usingizini. Hata moja sikualikwa kuiaga?"

"Hazipo."

"Najua hazipo! Nataka karatasi inayosema hazipo. Wametupa mpaka Ijumaa, taarifa iwe imerekebishwa rasmi kwenye taasisi ile. Ikipita Ijumaa, nafasi nyingine ni baada ya miaka minne. Betri zangu hazikai miaka minne. Wanafunzi wangu wameshamaliza, wawili wanauza simu."

Bi Desimali alimwambia asubiri mpaka Ijumaa. Mhadhiri alijibu kwamba kusubiri ndiyo kazi aliyoifanya kwa muda mrefu zaidi maishani mwake, akaondoka.

Kikao kiliitwa Jumanne saa tatu. Bi Desimali alikwenda na nakala tatu za barua ya shirika na ukurasa mmoja wa mapendekezo. Ajenda ya kwanza, iliyochapwa, ilikuwa: "Kuzipa majina setilaiti."

Alidhani ni makosa ya uchapaji. Hayakuwa makosa. Mkurugenzi, ambaye alihamishiwa pale kutoka idara ya itifaki na anajua kupanga viti vya wageni kuliko mtu yeyote katika jengo, alieleza kwamba taasisi inataka majina, na kwa hiyo majina yatapatikana. Kwa saa moja na nusu watu wazima tisa walikaa kuvipa majina vipande vya betri na mabati. Umoja ilipita bila kupingwa. Bidii ikapita. Mtu akapendekeza Juhudi, afisa utumishi akasema Juhudi na Bidii ni kitu kilekile, wakabishana dakika ishirini, mwisho zote mbili zikapita kwa kuwa zilikuwa zimebaki nafasi nyingi. Tumaini. Maarifa. Fasta akaandika ubaoni.

"Sasa kazi zake," mkurugenzi akasema. "Namba tisa ni nini?"

"Namba tisa ni bawaba," Bi Desimali akajibu.

"Bawaba ya nini?"

"Ya paneli ya jua. Ina urefu wa sentimita kumi na moja."

Mkurugenzi alifikiri. "Andika, setilaiti ya utafiti."

Alisimama akawasomea barua ya shirika. Aliwaeleza habari za chuo, mito na Ijumaa. Mkurugenzi alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kwa adabu kabisa.

"Chuo waambie waombe mwakani."

"Ni baada ya miaka minne, Mkurugenzi."

"Bi Desimali. Unataka niende kwa waziri nimwambie tumeshuka nafasi ishirini na tano kwa sababu ya goti lako?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliomba dokezo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba amepinga, na afisa utumishi akaandika kwamba amechangia.

Jumatano alifanya kitu ambacho hakuna mtu mwingine ofisini aliyekuwa amekifanya kwa mwaka mzima: alivihesabu. Alifungua daftari la kimataifa akakitafuta kila kipande kwa namba yake, kimoja kimoja, kwa mtandao unaokatika kila baada ya dakika kumi. Kipande cha angani hakikai mahali pamoja. Kila mzunguko kinashuka kidogo, na kikishashuka vya kutosha kinaingia kwenye hewa nzito kinaungua. Ilimchukua mpaka saa kumi. Alichapa ukurasa mmoja.

Alhamisi alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkurugenzi kuanzia saa mbili. Katibu muhtasari alimwambia yuko kwenye simu. Alikuwa kwenye simu mpaka saa nne na robo.

"Mkurugenzi," alisema alipoingia, "Umoja imeungua."

"Imeungua vipi?"

"Imeingia kwenye hewa, imeisha. Tarehe kumi na moja Septemba. Bidii tarehe mbili Oktoba. Juhudi na Maarifa zilikwenda katika wiki moja, Novemba."

Mkurugenzi alichukua karatasi. "Zimebaki ngapi?"

"Tano. Na Tumaini inashuka mwezi ujao. Juzi tulivipa majina vitu tisa ambavyo havipo. Na wale wanalo daftari hilihili, wataliangalia kabla hawajamaliza chai yao."

Mkurugenzi alipitisha kalamu kwenye tarehe, moja baada ya nyingine.

"Andika tano basi."

"Tano ni vipande."

"Andika moja. Moja tu, ya heshima."

"Hiyo moja ya heshima ndiyo itakayowanyima chuo nafasi. Sharti ni sifuri."

"Sifuri haina staha, mama yangu. Hata shuleni sifuri mtoto anaificha." Akamrudishia karatasi. "Niachie nilifikirie. Kesho tutaongea."

Fomu ina sehemu mbili za saini: ya mtakwimu na ya mkuu wa ofisi. Bila ya pili haipokelewi. Bi Desimali alirudi nyumbani akamweleza mumewe, na mumewe akauliza swali moja tu: je, kesho huyo bwana atakuja kazini?

Hakuja. Ijumaa saa mbili na nusu Fasta alimletea barua fupi. Mkurugenzi alikuwa amepata safari ya kikazi ya ghafla, semina ya siku moja, simu yake haitapatikana. Kwa siku hiyo, kaimu mkurugenzi ni Bi Desimali.

"Mama, umepanda cheo!" Fasta akasema.

"Nimekalishwa kwenye kuti kavu, Fasta. Soma tena."

Fasta akasoma tena. Kwa mara ya kwanza katika habari hii alisoma taratibu, na tabasamu lake likafifia polepole. Aliyesafiri hakuwa amekataza sifuri wala kuiruhusu. Taifa likishuka, liko jina moja la kulaumu, la kaimu. Likibaki pale lilipo, pia si yeye aliyelibakisha.

"Si uache tu?" Fasta aliuliza, sauti ikiwa chini. "Isiporudi inabaki ya mwaka jana. Hakuna atakayejua."

"Ya mwaka jana ndiyo iliyokula nafasi ya chuo."

"Najua. Mimi ndiye niliyejaza." Akaiweka barua mezani. "Ningekuita kwenye simu ukiwa umelala na goti lako, ningekusumbua tu. Ndiyo maana sikupiga."

"Ungenisumbua, Fasta. Ningeshukuru."

Akakaa akajaza. Swali la kumi na saba: 0. Swali la thelathini na moja, mabaki yaliyopo angani: 5. Wafanyakazi wa sekta ya anga: 41, baada ya kuwatoa mafundi wa madishi wote na kuwabakiza walimu, wahandisi na walinzi wawili wa stoo ya chuo. Aliambatanisha ukurasa wa vipande vilivyoungua, kila kimoja na tarehe yake. Aliweka saini penye mtakwimu, kisha akaweka saini ileile penye mkuu wa ofisi na kuandika pembeni, kwa herufi zinazosomeka, "kaimu".

Ulibaki muhuri. Muhuri hukaa kwenye droo ya mkurugenzi, na ufunguo anao katibu muhtasari. Bi Desimali alisimama mbele ya meza yake akamwambia anachotaka na kwa nini. Katibu muhtasari alimtazama, akasema tumbo linamsumbua, akaenda chooni. Ufunguo aliuacha mezani, juu ya gazeti.

Fomu iliondoka saa saba na dakika kumi na mbili. Saa kumi kasoro robo taasisi ilijibu kwamba imepokelewa na marekebisho yamewekwa. Alimpelekea mhadhiri jibu hilo bila maelezo. Mhadhiri alipiga simu, akasema, "Dada," kisha akakata.

Mkurugenzi alipatikana jioni hiyohiyo.

"Umeandika nini?"

"Sifuri."

"Nilikuachia ofisi siku moja. Siku moja!"

"Ndiyo, Mkurugenzi. Na mwisho wa fomu ulikuwa siku hiyo."

Barua ya kutakiwa kujieleza ilimfikia Jumanne iliyofuata. Inamtuhumu kwa "kushusha hadhi ya taifa bila idhini". Aliirudisha siku hiyohiyo kwa sababu tarehe ya tukio ilikuwa imekosewa, wakamwandikia nyingine. Shemeji yake amesikia, na hajaja Jumapili mbili. Jedwali jipya litatoka Juni. Kwa hesabu zake mwenyewe taifa litakuwa la sabini na nne, kwa kuwa wakati lenyewe lilipokuwa likishangilia, nchi mbili ndogo zilirusha setilaiti za kwao.

Kamati ya nidhamu itamsikiliza Jumatatu saa nne asubuhi, ghorofa ya tatu. Adhabu ndogo kabisa ni onyo la maandishi, kubwa kabisa ni kustaafishwa. Chuo kimerudishwa kwenye orodha ya roketi, na setilaiti ya mito inasafirishwa Jumatano kwenda kufanyiwa majaribio ya mtikisiko.